Mkono Wangu Ndio Mto Wake

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada, na unisamehe mwandiko huu uliopinda, ninaandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia asubuhi haushiki kalamu. Jina langu Aruna, fundi wa nguo hapa Kamalondo, na tangu kila mkubwa wa ofisi alipotaka abacost, ile suti isiyovaliwa na tai, ninakata vitambaa vizito kutwa nzima kwa makasi makubwa, namshukuru Mungu kwa kazi, lakini nikilala tu mkono unaanza kuungua kutoka vidoleni mpaka begani kama umejaa siafu, halafu unakufa ganzi, na ndani ya usingizi ninauona ukiniacha, unatangulia peke yake mpaka Pweto, kwao mke wangu, unaingia ziwani taratibu, maji ni ya vuguvugu, samaki wadogo wanakuja kuonja kidole kimoja kimoja, na ni pazuri kule, Mama, mpaka ninaona haya kusema, ninauita na hautaki kurudi.

Shida yenyewe ni hii. Siku ya ndoa yetu, miaka sita sasa, shangazi wa mke wangu Kulthumu alinyoosha mkono wangu wa kulia mbele ya watu, akalaza kichwa cha bibi harusi juu yake, akasema: "Tangu leo huyu mutoto hana muto ingine. Muto yake ni huu mukono." Nikaapa. Tangu hapo Kulthumu analala juu yake, hatujawahi kumnunulia mto, na kwangu kuuondoa ni sawa na kumwacha. Maumivu yaliponizidi nikadanganya kwamba kazi za watu ni nyingi, nikahamia kulala juu ya meza ya kukatia dukani, mkono nimeukaza kwa mpira wa baiskeli. Huu ni mwezi wa pili. Juzi amepanga nguo zake ndani ya sanduku, akaniambia bila kulia, "Kama uko na bibi mwingine unambie tu, nirudie kwetu." Jumapili lori la samaki linarudi Pweto na ameshaomba nafasi. Ninampenda, Mama. Nifanye nini?

Aruna, Kamalondo

Citoyen, raia mwenzangu Aruna, pole. Pole kwa mkono, si kwa ulimi, maana ulimi wako ni mzima na hukuutumia.

Huo mpira ufungue sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Unataka kuupoteza mkono kabisa? Makasi yapumzike, tafuta kijana wa kazi akate, wewe ushone kidogo kidogo. Ukilala usiulalie mkono wala kuukunja. Nyoosha kiganja juu ya kipande cha katoni, kifunge kwa kitambaa laini bila kukaza, ukiweke juu ya mto. Wiki hii nenda dispansari wakutazame. Ukiona vidole vinaanza kuangusha vitu, au ganzi haiondoki mchana, nenda siku ile ile. Ndoto si uchawi. Liache ziwa lako lilivyo, hata mimi ningelala humo.

Na shangazi alikuwa anakukabidhi mtu umtunze. Hakukuambia ufe kwa ajili ya usingizi wa mwenzako, na yeye mwenyewe angekucheka.

Sasa nikuambie jambo linalonitia aibu. Kati ya barua ambazo sijajibu iko moja ya miezi mitatu iliyopita, ya mama aliyeficha jina. Anasema mume wake ni mwema lakini mkono wake ni mgumu, kila asubuhi shingo inamuuma hata kugeuka ni kazi, na hathubutu kusema kwa sababu ya neno la shangazi yake siku ya ndoa. Anaota kila mara amelala chali ziwani, kichwa hakina uzito, maji ndiyo yamemshika.

Sijui ni nani, wala sitauliza. Wewe funga duka leo, pitia sokoni, nunua mito miwili ya pamba, ufike nyumbani kabla hilo lori halijaondoka. Habari ya mkono wako utaieleza baadaye. Ukiingia mlangoni muulize kwanza: "Shingo yako iko namna gani?"