Kocha Aliyevaa Raba

Dada yangu Darka,

Theluji imefika madirishani, na kabichi yako ya siki nimeimaliza peke yangu bila aibu.

Daktari amesema nyonga hii haitateleza tena barafuni. Basi nikaenda uwanjani nimevaa raba badala ya viatu vya kutelezea, kuwaaga vijana wangu wa hoki ya barafuni, nihamie kwako. Kabla sijafungua mdomo, nikaanguka chali.

“Kocha, hata ulipokuwa unalipwa kucheza ulianguka hivyohivyo!” akapaza sauti nahodha, Taras.

Nilipoinuka, wote wakagonga magongo yao kwenye barafu, heshima tunayompa mchezaji aliyeumia akasimama. Kwaheri niliyokuja nayo sikuitoa tena. Nikapuliza filimbi, nikawakimbiza mizunguko ya adhabu kwa kunicheka, mimi nimekaa benchini kama mfalme.

Chumba ulichonitayarishia, mpangishe mtu mwingine.

Kaka yako mwenye suruali mbichi,
Orest