Safu ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Safu ya kumi na tisa ni safi! Vyungu kumi vya mtama, wiki ya tisa hii, hakuna hata ua moja la lile gugu, kiduha. Safu za jirani ni kilio. Yale maua ya zambarau yamejaa, mazuri ya kupigia picha, kumbe huko chini yanainyonya mizizi mpaka mtama unabaki makapi. Na kumi na tisa ni ya Shangazi! Fundi wetu wa grinihausi – si shangazi wa mtu humu, ni wa wote. Miaka tisa anachavusha mtama huo kwa kibanio cha kung'olea nyusi, wakubwa wakimcheka. Anastaafu mwisho wa mwezi. Profesa amesema wageni wafadhili wakija tarehe ishirini atautangaza mtama huo, kwa jina la Shangazi. Nimepiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia.

Jumanne, 4 Machi

Kila mtu anacheka isipokuwa mwenye mtama. Kachuchumaa mbele ya vyungu vyake saa nzima. Anasema safu imepona kupita kiasi. Mbegu ya kiduha haiamki mpaka mizizi ya mtama itoe kemikali ya kuiita, na mtama wake una jeni moja yenye hitilafu – hitilafu ya heri! – kwa hiyo hauiti sana. Lakini si bubu kabisa, anasema. Kimoja viwili lazima vipenye. Kisha akaniuliza taratibu: mbegu za kiduha ulitia wewe, sivyo? Nikasema ndiyo, Shangazi, safu zote.

Mwanamke gani huyu! Mwingine angeshakata keki.

Jumamosi, 8 Machi

Ee Mungu wangu. Koti langu la zamani la maabara, lile linaloning'inia nyuma ya mlango. Mfukoni, pakiti kumi ndogo za mbegu za kiduha. Zimeandikwa 19.

Nimekumbuka. Siku ile ya kutia mbegu Mama alipiga simu, dada kajifungua pacha, nikatoka nje mbio nikipiga kelele. Niliporudi nikaanzia ishirini.

Nimechemsha.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbili chakula hakipiti. Nilifikiria kuzitupa zile pakiti – nauandika ukweli, hakuna anayenisoma. Nani angejua? Mtama ungekwenda kwa wakulima, wangeupanda, na kiduha kingewanyoosha. Na jina kwenye mfuko wa mbegu ni la Shangazi, si langu.

Nikaziweka mezani kwake. Shangazi, nimekuharibia. Machozi hayo, kamasi hizo.

Akavua miwani ya kwanza, akavaa ya pili, akazisoma moja moja. Akasema haya, angalau hukuzitupa. Akanishika mkono mpaka kwenye kabati la joto. Visahani! Kumbe aliloweka mbegu mpya za kiduha tangu Jumanne ile ile, maana zisipokaa kwenye unyevu kama wiki mbili hazikubali kuota hata ziitwe vipi. Alishanishtukia! Nikamuuliza mbona hukunisema kwa Profesa? Eti alikuwa ananisubiri nije mwenyewe.

Nimeona aibu, na hapo hapo nimempenda mpaka basi. Adhabu: kuosha vyombo vyote vya maabara. Halali yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa kwenye hadubini. Amri ya Shangazi: kila mbegu hamsini, pumzisha macho. Amekataa kuhesabu mwenyewe, anasema macho yake yana upendeleo.

Wageni wameshafika. Profesa nilimweleza yote. Alifoka, akapoa, akasema bila hesabu hii hatangazi kitu.

Kisahani cha kwanza, mbegu za kiduha kando ya mizizi ya mtama wa kawaida: kati ya mia, zimeota sitini na mbili. Basi kiduha ni kizima, hakuna kisingizio. Cha pili ni cha mtama wa Shangazi. Hamsini za kwanza – imeota moja. Moja tu! Nimemwambia. Hajaruka, hajashangilia. Anaosha bika ya kioo ambayo niliiosha asubuhi.

Profesa amegonga mlango, anauliza tumefikia wapi. Shangazi amemjibu bila kugeuka: subiri nje, mtoto anahesabu.

Profesa! Asubiri nje! Na kweli anasubiri, nakiona kivuli chake chini ya mlango. Zimebaki hamsini. Haya, bismillah, hamsini na moja –