Jumapili Haijanyesha Vava'u

Brisbane, 4 Mei

Shangazi Lupe, shikamoo. Natumai goti limepoa na wote nyumbani ni wazima. Mimi mzima.

Profesa Nolan amesema leo kwamba nafasi yangu ya uzamivu katika hali ya hewa ya tropiki inategemea rekodi za mvua za kijiji chetu, ulizoandika wewe. Kwa miaka yote uliyoandika, Jumapili halijadondoka hata tone. Jumatatu inanyesha kupita siku zote. Profesa haziamini rekodi hizo. Wenzangu wanacheka kwamba mawingu ya Tonga huenda kanisani. Neno la dada wa baba haliulizwi, najua. Basi nauliza kwa heshima, nikiwa nimekaa chini: Jumapili unapima?

Mwanao, Meleane

Brisbane, 6 Juni

Shangazi, shikamoo. Poleni na upepo.

Baba anasema uliisoma barua yangu, ukaikunja, ukaendelea kusuka mkeka. Kama nimekukosea, nisamehe. Profesa amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi, tena kwa shingo upande.

Meleane

Vava'u, 19 Juni

Meleane, marahaba. Goti bado, mengine Mungu anasaidia.

Swali halikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba umekaa huko miaka miwili tu, umeshasahau Jumapili ni nini. Siku ambayo hatufui hata kitambaa, nani ainame kwenye kipima mvua? Maji hulala humo, nayapima Jumatatu. Fomu haina mahali pa kuandika ibada, nikaweka sifuri. Wewe wakati huo ulikuwa umelala, umeshiba lu, ile nyama ya kufungwa kwa majani ya magimbi.

Nimewauliza wapimaji wa visiwa vya jirani. Wote hivyo hivyo, ila mmoja aliangalia pembeni, nikajua yeye hupima kwa siri. Mwambie profesa wako, na jina langu alitaje. Nasikia huko kuna mashine inayopima mvua yenyewe, ilete. Hiyo ndiyo ipime Jumapili. Haina roho ya kupotea.

Shangazi yako

Brisbane, 27 Julai

Shangazi, shikamoo. Habari za goti?

Nafasi nimepata. Profesa alisoma barua yako mara mbili, akaniambia niigawe upya mvua ya Jumatatu zote, za visiwa vyote, kati ya Jumapili na Jumatatu, kwa kuilinganisha na picha za setilaiti. Ndiyo kazi yangu ya miaka mitatu ijayo.

Naja na mashine. Meli inafika bandarini Neiafu Jumamosi, tarehe 19 Agosti, jioni. Tutaifunga Jumatatu, tarehe 21.

Mwanao, Meleane