Dole Gumba la Mama Hawa

Koboko, 1974

Dada Mariamu,

Huku mvua haikatiki. Jana Mama Hawa, mwenye nyumba wangu, alikuwa akisaga ufuta, nami namsomea habari za kiongozi wa vita wa Waabenaki, kule Amerika. Wazungu waliovamia ardhi yake walimpelekea zawadi ili aje atie sahihi mkataba wao. Hakwenda ng'o!

"Dole hakuweka?" akauliza mama.

"Hakuweka."

Mara akaingia karani wa tajiri mmoja anayelitaka shamba la mama la Ludara, kashika wino na karatasi ya kutiwa dole. Mama akachovya dole kwenye ufuta, akalilamba.

"Dole yangu iko na kazi ya kula tu. Rudisha wino yako!"

Watoto waambie nawaletea ufuta. Na mjomba akirudi na ile karatasi ya kiwanja cha baba, nawe lamba dole.

Nduguyo akupendaye,
Juma