Mwenyewe Hayupo

Tarehe 14 Agosti, mwaka wa thelathini na tisa tangu niondoke

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima, kama ninavyokuombea kila ninapoamka. Goti likoje? Kwenye simu ulisema linakusumbua ukiinama kufagia, nami nikakuambia uwaachie wanao ufagio, ukacheka sana. Mimi sijambo, ila moyo haujatulia, na sababu yake ndiyo barua hii.

Usishtuke kuona haina stempu. Anayekukabidhi ni mama wa usafi katika hoteli iliyo nyuma ya ukuta wako. Ndiyo, hoteli hiyo hiyo. Soma mpaka mwisho kwanza, ndipo unikasirikie.

Mwanangu alinilipia likizo akanificha hoteli iko wapi hasa. Alitaka kunifurahisha: tupumzike siku mbili tatu, kisha anishike mkono tuje kwako kwa miguu, tukubishie hodi bila taarifa. Siri aliitoa tulipofika tu.

Hapa kila kitu kimeshalipiwa. Unafungwa utepe wa plastiki mkononi, na tangu hapo hakuna anayekuuliza umekula nini wala mara ngapi. Watu wanaamka alfajiri kuwahi vitanda vya kando ya bwawa, wanaviwekea taulo, kisha wanarudi kulala. Bahari ipo pale pale na hawaiingii. Ungewaona ungeuliza kama wana akili timamu.

Siku ya kwanza nilikuwa nimechoka na safari. Mhudumu alinisemesha kwa lugha ya wageni, nami nikamjibu kwa hiyo hiyo. Kosa dogo, lakini lilitosha. Wakawa wanazungumza mbele yangu kama vile mbele ya kiti. Ndivyo nilivyojua kwamba wananiita Babu Papai, kwa kuwa asubuhi sili kingine.

Kesho yake wahudumu wawili walikuwa wakifuta vijiko nyuma yangu. Mmoja akauliza kama Bi Hayupo wa nyuma ya ukuta amekubali kuhama. Mwenzake akasema thubutu, jana meneja kaenda mwenyewe na kapu la zawadi, kajibiwa yale yale, mwenyewe hayupo. Bibi yule, akasema, hata ukimwomba maji ya kunywa atakwambia mwenyewe hayupo. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikaisukuma kando sahani ya papai.

Nilijua kiwanja alichotuachia baba kimeandikwa jina langu. Sikujua kwamba hoteli inakitaka ijenge bwawa la pili, wala kwamba wanao wenyewe wanataka kiuzwe, wala kwamba kinga yako yote ni maneno mawili. Mbona hukuniambia?

Siku hiyo hiyo mama wa usafi alipiga hodi, nami bila kufikiri nikaitikia karibu. Akaganda mlangoni na ndoo yake. Alaa, akasema, kumbe Babu Papai ni wa kwetu! Kisha akakumbuka adabu, akanipa shikamoo. Nilipomwambia mimi ni nani, aliurudisha mlango na kushusha sauti. Akanisihi nisithubutu kuelekea kwako. Mlinzi wa getini ameahidiwa zawadi siku atakapomwona mwanamume mzee anayefanana nawe akiingia kwako, na wapwa zangu wanaingoja siku hiyo hiyo. Mwenyewe akionekana tu, alisema, bibi hana jibu tena.

Nilipomweleza mwanangu, tayari meneja alikuwa ameshamwahi kule bwawani, kijana alipomuuliza habari za nyumba ya nyuma ya ukuta. Akasema, baba, si ndiyo vizuri? Shangazi atajengewa nyumba ya maana, yenye maji ndani. Alisema kwa nia njema. Hajui kwamba kuna watu wanaopenda mahali hata kama maji yako nje.

Leo asubuhi meneja alikuja mezani petu, suti katika joto hili, akavuta kiti. Mwanangu alikuwa amemdokeza kwamba anaweza kumkutanisha na mwenyewe. Meneja akaniuliza, kwa lugha ya wageni, kama anayemtafuta ndiye mimi. Wahudumu wakasogea na sahani zao. Unanijua: sijawahi kumkatalia mwanangu kitu. Wangenikalisha pale saa nzima, ningetia saini.

Nikamjibu kwa Kiswahili, polepole, ili wote wasikie: “Mwenyewe hayupo.”

Nyuma yangu sahani ilianguka. Meneja akaduwaa, kisha akamgeukia mwanangu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kijana alinitazama. Akakiweka kikombe chini, akamwambia meneja kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: “Umesikia mzee. Hayupo.”

Tulipofika chumbani aliniuliza jambo moja tu, kama hata shangazi hatutamwona. Nikafungua sanduku, nikaanza kukunja nguo.

Sasa nikuambie lililobaki. Kutoka kwenye kibaraza cha chumba changu ninaliona paa lako na kamba yako ya nguo. Siku zote hizi nimekuwa nikikusikia ukiwatukana kuku. Jana ulisogea karibu na ukuta ukiita mtu, sijui nani, na sauti ilikuwa ya mama kabisa. Nilifungua mdomo niitikie, nikajiziba kwa mkono. Nimekuwa karibu nawe hivyo, na sikuja.

Nilifikiri kiwanja nikuandikishie wewe. Lakini siku utakapokuwa wewe ndiye mwenyewe, wanao watakukalisha kitako, nawe ni mama, utalegea kama ambavyo ningelegea mimi. Asiyekuwepo hakalishwi kitako. Waambie hivyo hivyo, wala usijione unasema uongo. Hata nikifa, jibu halibadiliki.

Chumba ulichonipakia rangi kwa siku nitakayorudi, lala wewe, kama kina upepo. Kitanda kisikae bure.

Mpokee vizuri huyu mama, ni mtu mwema. Majirani wasalimie kimoyomoyo, wasijue salamu zimetoka wapi. Gari limekuja na mwanangu anashusha mizigo.

Nakupenda, mdogo wangu. Usiweke tena sahani yangu mezani. Sitarudi.

Kaka yako