Povu Limepungua, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nimeshindwa kuanza bila salamu.

Leo nimetoka hospitalini, kwenye tangi la maji taka ulilolitunza mpaka ulipougua. Povu limepungua. Lile povu la kahawia, zito kama uji, ulilolizoa kila asubuhi na kesho yake ukalikuta limejaa tena. Mvua ikinyesha lilifurika hadi bondeni kwenye mboga za watu, nao wakakuita mchafu, kana kwamba ulilipika wewe. Wewe ulishuka ukawasafishia matuta.

Unakumbuka likizo ile nilipokueleza kwamba povu linaletwa na bakteria wenye nyuzi ndefu, na kwamba kuna virusi vinavyowaua bakteria hao tu, binadamu havimgusi? Ulicheka. "Editha, unataka kuongeza ugonjwa kwenye choo?" Halafu ukauliza, "Vinapatikana wapi?" Nikakwambia, humo humo kwenye maji taka. Kesho yake ulinichotea chupa tatu kwa mkono wako, ukanisindikiza hadi kituo cha basi Kabanga ukiwa umezipakata kama mayai.

Chupa mbili hazikutoa kitu. Ya tatu ilitoa. Kwenye kisahani cha maabara ya chuo, katikati ya utando wa bakteria, niliona vidoa vitupu, mahali virusi vilipowamaliza. Nikashika simu nikupigie. Namba yako nilikuwa bado sijaifuta. Ilikuwa wiki mbili tu tangu tukuzike.

Sikurudi maabara siku tatu, baba. Kisha nikarudi.

Hospitali walikuwa na wasiwasi, na sikuwalaumu. Mimi na wenzangu wa maabara tulivijaribu virusi kwanza kwenye mapipa, tukapima maji kila siku, ndipo wakaturuhusu kuvimimina kwenye tangi. Siku za mwanzo hakikubadilika kitu. Baadaye uso wa maji ukaanza kuonekana.

Mama Jenista, yule aliyekusema kuliko wote, alipanda kutoka bondeni kuja kuangalia. Alitazama maji, kisha akaniambia, "Ukienda kaburini, mwambie baba yako tulimkosea."

Ndiyo maana nimeandika.

Bakteria hubadilika, povu linaweza kurudi. Likirudi nitatafuta virusi vingine, na nitakuwepo. Nimeomba kazi hapo hapo hospitalini, wamenikubalia.

Jumapili baada ya misa nakuja kaburini kwako Bugarama na mama. Nitakusomea barua hii kwa Kihangaza chetu, usikie vizuri. Pumzika, baba.

Mwanao,
Editha