Maji Hayana Mteremko

Bwawa la Nyumba ya Mungu, Jumamosi

Shikamoo Mama,

Leo nimeingia bwawani na mtumbwi wangu mpya wa pedali, ule wa plastiki uliouita beseni. Nilikanyaga vizuri, kisha nikapumzisha miguu kama tunavyoshuka na baiskeli kutoka Kirua. Upepo ukanirudisha hadi kwenye matete. Mvuvi mmoja mzee akacheka, akasema, "Wewe Mchagga, maji hayana mteremko."

Nikakanyaga tena, mapaja yakiwaka moto, na sikupumzika mpaka katikati. Huko nimevua perege mmoja, mkubwa kama kiganja chako. Namkausha nije naye. Najua utamwita nyoka, kama wazee wetu wa mlimani wanavyowaita samaki wote. Mwite tu, lakini ukae na mimi nikimla.

Mungu akutunze hapo jikoni.

Ni mimi, nahodha wa beseni,
Aloyce